Judo: Tani Ryoko alipigwa nyumbani Japani mara mbili, akapelekwa yeye. Haki au alibebwa?

Mkeka Mpana (mtoa mada)
Wakuu salaam. Jana usiku nilikuwa napitia mapambano ya zamani ya judo ya wanawake, kilo 48, nikanasa kwa Tani Ryoko, yule Mjapani wa sentimita 146. Kabla ya ndoa alikuwa anaitwa Tamura. Rekodi yake ni hii: Olimpiki tano, medali tano. Fedha Barcelona 1992, fedha Atlanta 1996, dhahabu Sydney 2000, dhahabu Athens 2004, shaba Beijing 2008. Ubingwa wa dunia mara 7.

Hapo sina ubishi. Kinachonikera ni mwisho wake. Aprili 2007 alipigwa na Fukumi Tomoko kwenye fainali ya taifa ya uzito wake. Aliyepelekwa mashindano ya dunia Rio ni Tani. Aprili 2008 akapigwa tena kwenye fainali hiyohiyo, safari hii na Yamagishi Emi. Aliyepelekwa Beijing? Tani.

Sasa kama mshindi anabaki nyumbani, ile fainali walikuwa wanapigana ya nini? Mimi nasema alibebwa. Anayebisha aje na hoja, asije na mapenzi.

Kisiki
Alibebwa mchana kweupe. Huyo alikuwa kipenzi cha taifa tangu shuleni, wakampachika jina la Yawara-chan kutoka kwa msichana wa kwenye katuni ya judo. Ukishakuwa mhusika wa katuni nani atakuacha nyumbani? Halafu alikuwa mwajiriwa wa Toyota, mumewe mchezaji maarufu wa besiboli. Yamagishi alikuwa na nani?

Tumbiri
Naweka kiti mbele kabisa.

Nahodha Mstaafu
Mtoa mada umeruka sehemu tamu. Rio 2007 unayoilalamikia alikwenda akarudi na dhahabu, fainali alimfunga Bermoy wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia wa 2005. Kwa hiyo walimu waliomchagua walilipwa ndani ya miezi mitano.

Pili, usichukulie kwamba kila nchi inachagua kwa mtindo wa "mshindi anachukua tiketi". Kwa Wajapani mashindano yale ya Aprili ni kipimo kimojawapo, kikubwa, lakini baada ya hapo walimu wanakaa kikao na kuangalia mtu amefanya nini nje ya nchi. Wanajua Olimpiki kila nchi inaingiza mtu mmoja tu kwa kila uzito, na Japani kilo 48 ilikuwa na wasichana watatu au wanne ambao kwingine wangekuwa namba moja bila mjadala.

Jicho la Tatu
Nahodha, hoja yako ya "amefanya nini nje" inanichekesha. Fukumi angefanya nini nje wakati hapelekwi? Unamnyima mtu jembe halafu unamuuliza shamba lake liko wapi.

Nahodha Mstaafu
Hapo umenishika kidogo. Sikatai.

Binti Ngwala
Nimecheza judo miaka minane, niseme kitu ambacho hakionekani kwenye matokeo.

Nyumbani kila mtu anakujua. Anajua mkono gani unatangulia kushika kola, anajua ukishusha nyonga unakuja na seoi-nage (ile ya kumpakia mtu mgongoni na kumpitisha begani, ndiyo iliyomtajirisha Tani). Wasichana wa Japani walikua wakimtazama yeye kwenye televisheni. Wamemsoma miaka kumi kabla hawajamgusa. Kwa hiyo pambano la fainali ya taifa huwa kavu: dakika nzima ni vita ya vidole, huyu anashika, yule anang'oa, vidole vimefungwa plasta kila kiungo kama vijiti vya hema. Ushindi unapatikana kwa jambo dogo sana.

Nje ni tofauti. Mzungu au Mcuba anakuja na mtindo wake, mikono mirefu, anakumbatia kiunoni. Kuna mtu anashinda nyumbani kwa sababu amemkariri mpinzani mmoja, akitoka nje hana jibu. Na kuna mtu anafungwa nyumbani halafu nje hashikiki. Walimu wanalijua hilo.

Kisiki
Binti Ngwala umeeleza vizuri lakini hiyo ni sababu ya kufuta mashindano ya taifa, siyo sababu ya kuyafanya halafu kuyapuuza.

Msema Chochote
Jamani tumheshimu. Ndiye mwanamke pekee duniani mwenye ubingwa wa dunia mara 7. Mtu kama huyo hapigiwi kura, anapewa tiketi na mto wa kulalia.

Nahodha Mstaafu
Pekee hapana. Tong Wen wa China naye ana 7, ila ndani yake zimo za uzito huria, yaani usio na kikomo cha kilo. Za Tani zote ni kilo 48: 1993, 1995, 1997, 1999, 2001, 2003, kisha 2007. Sita za kwanza zimefuatana bila kuruka, maana enzi hizo mashindano ya dunia yalikuwa kila baada ya miaka miwili. Ya Cairo 2005 hakuwepo, alikuwa mjamzito. Berghmans wa Ubelgiji ana 6, Agbegnenou wa Ufaransa ana 6. Kwa wanaume Teddy Riner wa Ufaransa ameshawapita wote hao.

Msema Chochote
Haya, pekee kwa kilo 48. Mmeridhika?

Tumbiri
Jina lako linakustahili.

Mama Wawili
Nashangaa posti zote hizi hakuna aliyetaja mtoto mpaka Nahodha alipopitia kwa mbali. Tani alijifungua mwisho kabisa wa 2005. Hiyo Aprili 2007 alipopigwa na Fukumi ndiyo alikuwa anarudi mkekani baada ya takribani miaka miwili. Mnamhukumu kwa shindano la kwanza baada ya uzazi?

Mimi sikuwa bingwa wa kitu chochote, nilikuwa nakimbia tu mbio za kati. Baada ya mtoto wa kwanza nilirudi mazoezini mwezi wa saba. Mapafu yalikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Kilichogoma ni nyonga na tumbo. Nikigeuka ghafla nasikia kama mkanda umelegea ndani. Sasa fikiria mchezo ambao kazi yote ni kugeuka ghafla na mtu mgongoni. Na bado unatakiwa usome kilo 48 kwenye mizani.

Yeye mwenyewe kabla ya Sydney aliahidi "ikiwa nzuri dhahabu, ikiwa mbaya dhahabu". Kabla ya Athens ikawa dhahabu kama Tamura, dhahabu kama Tani. Kabla ya Beijing, dhahabu hata nikiwa mama.

Jicho la Tatu
Mama Wawili nakuelewa kwa 2007. Ila Aprili 2008 mtoto alishatimiza miaka miwili na mama alishatwaa ubingwa wa dunia. Uzazi hauwezi kuwa sababu ya milele.

Mama Wawili
Miaka miwili ndiyo hawalali usiku. Uliza wenye nao.

Mkeka Mpana
Mama Wawili kwa hilo la Agbegnenou je? Maana yeye alijifungua Juni 2022, Mei 2023 akawa bingwa wa dunia Doha. Miezi kumi na moja! Mtoto alikuwa anasafiri naye kwenye mashindano, ananyonyeshwa kati ya pambano na pambano. Hakuhitaji mtu ambebe.

Mama Wawili
Na yeye alipata hiyo nafasi ya kuonekana na mtoto baada ya akina Tani kuonyesha kwamba inawezekana. Kisha yeye ni wa kilo 63, siyo kilo 48. Halafu Paris 2024 Agbegnenou alipata shaba, kama Tani Beijing. Mbona yeye hamsemi alibebwa?

Mkeka Mpana
Kwa sababu sijui kama kuna aliyemshinda nyumbani akaachwa. Na Ufaransa ilichukua dhahabu ya timu mchanganyiko, wanaume na wanawake, naye akiwemo.

Nyundo Butu
Mimi nauliza swali la pembeni. Kwani aliyemfunga Atlanta 1996 ni nani hasa? Nasikia alikuwa mtoto asiyejulikana aliyevaa vazi vibaya.

Nahodha Mstaafu
Kye Sun-hui wa Korea Kaskazini. Miaka 16, aliingia kwa nafasi ya mwaliko. Tamura alifika fainali ile akiwa na ushindi 84 mfululizo. Themanini na nne! Akazuiwa na binti ambaye hakuna aliyekuwa na mkanda wake wa video.

Hilo la vazi: inasimuliwa sana kwamba Kye alikunja kola kinyume, upande wa kulia juu, na kwamba enzi hizo kanuni haikulikataza.

Tumbiri
Kinyume si ndivyo wanavyovalishwa maiti kwao?

Nahodha Mstaafu
Ndiyo, kimono cha maiti hukunjwa hivyo. Ndiyo maana hadithi inapendwa.

Nyundo Butu
Sasa kola kinyume inasaidia nini? Nguo ni nguo.

Binti Ngwala
Inasaidia. Mkono wako umezoea kuingia ukakuta ukingo wa kola mahali fulani. Umefanya hivyo mara elfu na elfu, hauangalii. Siku hiyo unaingiza vidole unakuta ukingo uko ndani, umefunikwa. Ni nusu sekunde tu unatafuta, lakini kwenye seoi-nage nusu sekunde ndiyo pambano lenyewe. Jaribu kuandika kwenye kibodi ambayo mtu amehamisha herufi moja.

Pamoja na hayo mimi sidhani kola ndiyo ilimfunga. Nadhani ni kutomjua mtu.

Kisiki
Mimi nasema ni presha. 1992 akiwa na miaka 16 alifungwa fainali na Mfaransa Cécile Nowak, 1996 akafungwa fainali na mtoto. Fainali mbili, fedha mbili. Huyu mtu fainali za Olimpiki zilikuwa zinamtetemesha mpaka Sydney.

Nahodha Mstaafu
Sydney fainali haikufika hata dakika moja, alimbwaga Bruletova wa Urusi kwa ippon. Mtetemo ulikuwa umeisha. Na Kye msimwite mtoto wa bahati: baadaye alikuwa bingwa wa dunia mara nne, moja akiwa kilo 52 na tatu akiwa kilo 57. Mfupi wetu alifungwa na jitu ambalo lilikuwa bado halijakua.

Nyundo Butu
Ippon ndiyo nini kwa Kiswahili? Mnatuacha wengine.

Binti Ngwala
Mweleka kamili. Mtu anatua chali, kwa nguvu, kwa kasi, na wewe umemtawala. Pambano limeisha papo hapo.

Msema Chochote
Kumbe lugha yetu inayo yote. Ile ya kumchota mguu kwa ndani ni mtama. Kusweka mguu ni ngwala. Kukaba koo kwa kola ni kabari. Tulikuwa tunacheza judo utotoni bila mkanda.

Binti Ngwala
Sasa mnajua jina langu limetoka wapi. Ila mtama wa utotoni ungekupa adhabu, mlikuwa mnapiga goti.

Mzee Kimya
Nawasoma tangu mwanzo. Niongeze kitu kimoja kwa vijana mnaomwona Tani kama mkongwe aliyeng'ang'ania kiti. Fukuoka, Desemba 1990, Tamura alikuwa na miaka 15. Malkia wa kilo 48 wakati huo alikuwa Karen Briggs wa Uingereza, bingwa wa dunia mara nne. Kasichana ka shule kakamfunga. Wakakutana tena nusu fainali ya Barcelona 1992, Briggs bega likachomoka, akalirudisha akaendelea, akafungwa.

Kisha 2002 kwenye mashindano ya taifa, Fukumi akiwa na miaka 16 akamfunga Tamura na kukata ushindi 65 mfululizo. Kwa hiyo Fukumi hakumfunga mara moja kwa bahati 2007. Alimfunga mara mbili, miaka mitano ikiwa imepita katikati. Tamura aliyemfanyia Briggs ndiye aliyefanyiwa na Fukumi. Tofauti ni kwamba Tamura baada ya kumfunga Briggs alifunguliwa njia. Fukumi baada ya kumfunga Tamura alifungiwa.

Jicho la Tatu
Mzee Kimya leo umenena. Funga uzi.

Kisiki
Usifungwe, bado sijamalizana na Nahodha. Beijing 2008, nusu fainali dhidi ya Alina Dumitru wa Romania. Wote wanakwepana, muda unaisha, mwamuzi anatoa shido (adhabu) kwa kutoshambulia, Tani anatoka. Mtu mwenye seoi-nage bora katika historia anafungwa kwa adhabu ya uvivu! Hiyo ndiyo bei ya kumpeleka mtu wa miaka 32 kwa jina.

Nahodha Mstaafu
Kisiki unachagua pambano moja. Kwenye kutafuta shaba alimtupa Mrusi kwa ippon. Na Dumitru hakuwa mtu wa kuokota, ndiye aliyechukua dhahabu siku hiyo. Nani kakwambia Yamagishi angempita?

Kisiki
Hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana tunapeleka mshindi, ili tusibaki tunabashiri.

Binti Ngwala
Subirini niwape mtihani. London 2012. Kilo 48 Japani ilikuwa na Asami Haruna, bingwa wa dunia 2010 na 2011, mara zote mbili akimfunga Mjapani mwenzake kwenye fainali (kanuni ilikuwa imeshabadilika, mashindano ya dunia nchi inaingiza wawili). Huyo mwenzake aliyefungwa mara mbili mnamjua? Fukumi.

Aliyepelekwa London ni nani? Fukumi! Aliyekuwa akionewa na kikao, safari hii kikao kikambeba yeye na kumwacha bingwa wa dunia mara mbili nyumbani. Akaishia nafasi ya tano. Na nusu fainali alifungwa na nani? Dumitru yuleyule wa Romania.

Tumbiri
Hahaha Dumitru alikuwa anafanya kazi ya kuwasahihishia Wajapani vikao vyao.

Jicho la Tatu
Ngoja kwanza. Fukumi 2012 alishinda mashindano ya taifa mwezi wa Mei au sivyo?

Binti Ngwala
Alishinda. Kwa hiyo kwa kanuni ya Mkeka Mpana na Kisiki, walifanya sawasawa. Na akarudi bila medali. Kwa kanuni ya Nahodha wangempeleka Asami kwa rekodi ya nje.

Nahodha Mstaafu
Na mimi ningempeleka Asami. Nimesimama palepale.

Kisiki
Na mimi Fukumi, hata kwa nafasi ya tano.

Mkeka Mpana
Mnaona? Ila naanza kujiuliza kama kuna kitu kingine: labda 2012 walimpeleka mshindi wa taifa kwa sababu bado walikuwa wanasutwa na 2007 na 2008.

Nahodha Mstaafu
Hayo ni ya kufikiria tu, hatukuwa kwenye kikao.

Msema Chochote
Mimi nawaambia yote ni siasa. Si aliingia bungeni?

Nahodha Mstaafu
Aliingia baraza la juu Julai 2010, akastaafu judo Oktoba mwaka huohuo. Kikao cha Beijing kilikaa miaka miwili kabla. Usigeuze kalenda.

Msema Chochote
Nimesema tu.

Mzee Kimya
Wakati mnabishana nani apelekwe, kumbukeni mpaka 1992 hakukuwa na kupelekwa Olimpiki kushindania medali. Seoul 1988 judo ya wanawake ilikuwa ya maonyesho. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wanawake yalifanyika New York 1980, na aliyeyahangaikia ni Rusty Kanokogi, aliyeweka rehani nyumba yake yapatikane. Huyo mama 1959 alijifunga kifua bandeji akaingia kama mwanamume kwenye mashindano huko Utica, timu yake ikashinda. Akaulizwa kama ni mwanamke, akakubali, akavuliwa medali. Alirudishiwa 2009, mwaka aliofariki.

Mama Wawili
Hii nilikuwa siijui. Asante Mzee.

Nyundo Butu
Miaka 50 wanakaa na medali ya mtu!

Jicho la Tatu
Binti Ngwala, wewe umecheza. Mbali na Nahodha na vitabu vyake, wewe binafsi ungempeleka nani 2008?

Binti Ngwala
Nilikuwa naikwepa hii.

Nilikuwa na miaka 19, kilo 52. Tulikuwa wawili kwenye klabu na nafasi ni moja. Tulipigana mbele ya mwalimu, siku ya Jumamosi, mkeka umelowa kwa sababu paa lilikuwa linavuja upande mmoja. Mwenzangu alinitupa vizuri kabisa, mtama wa ndani, nikatua chali nikaona dari. Hakuna cha kubishia. Jumatatu mwalimu akasoma majina, akanisoma mimi. Akasema mimi nimeshawahi kusafiri, sitashtuka.

Usiku wa kuondoka nikagundua vazi langu limechanika kwapa lote, mwamuzi angenirudisha. Mwenzangu akavua la kwake kwenye begi akanipa. Lilikuwa na jina lake mgongoni, tukalifunika kwa plasta nyeupe.

Nilifungwa pambano la kwanza. Plasta ilibanduka katikati ya pambano, mtangazaji akasoma jina lake.

Jicho la Tatu
Pole dada. Kwa hiyo 2008 ni Yamagishi?

Binti Ngwala
Mwalimu wangu angesema Tani. Na mpaka leo sijui kama alikosea, maana mwenzangu mwaka uliofuata alipelekwa yeye, naye alifungwa pambano la kwanza.

Tumbiri
Vazi alikuwa amerudishiwa lakini?

Binti Ngwala
Nililifua kwanza. Gundi ya plasta haikutoka.